Uzamili wa Ubunifu wa Bidhaa Ughaibuni: Tazama Kazi za Wahitimu Kabla ya Jina la Chuo

Barua tatu za toleo hili zinahusu jambo moja: namna ya kuchagua shahada ya uzamili ya ubunifu wa bidhaa za viwandani katika nchi ya kigeni. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa kuwa inagusa mzizi wa uamuzi wenyewe.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mhandisi wa mitambo. Tangu nihitimu nimefanya kazi miaka 3 katika kiwanda cha vyombo vya plastiki, ambako ninasimamia kalibu na mashine. Kadiri siku zinavyokwenda ndivyo ninavyotamani kushiriki pale bidhaa inapofikiriwa, kabla michoro haijatufikia sisi wa kiwandani. Nimekusudia kusoma uzamili wa ubunifu wa bidhaa nje ya nchi, na nimeorodhesha Royal College of Art, TU Delft, Umeå, Politecnico di Milano na Rhode Island School of Design. Kila nikisoma tovuti zao ninazidi kuchanganyikiwa, maana zote zinaahidi mambo yale yale. Wenzangu wananishauri nichague chuo kilicho juu zaidi kwenye orodha za ubora duniani. Je, nifuate ushauri huo?
— Mhandisi wa Kalibu

JIBU: Ndugu Mhandisi, orodha za ubora zina msaada mdogo katika uamuzi wako, na ninakusihi uziweke kando mpaka hatua ya mwisho kabisa. Sehemu kubwa ya alama zake hutokana na sifa ya chuo miongoni mwa wanataaluma na waajiri, pamoja na idadi ya mara ambazo tafiti za wahadhiri zimenukuliwa. Hakuna kipimo ndani yake kinachokueleza kama utakuwa na meza yako mwenyewe karakanani, kama wanaokufundisha wamewahi kuifikisha bidhaa sokoni, wala kama mtaala utakupa kile usichonacho sasa. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka tulitazame kwa makini, kwa sababu kwa mtu mwenye uzoefu kama wako ndilo linaloamua karibu kila kitu.

Ni kweli kwamba maneno ya tovuti yanafanana. Mafunzo yenyewe, hata hivyo, yanatofautiana sana, na tofauti hiyo ina historia. Fani hii ilikua katika mazingira ya aina mbili. Kwa upande mmoja kulikuwa na shule za sanaa: Royal College of Art ilianzishwa London mwaka 1837 ikiwa shule ya serikali ya kufundisha ubunifu kwa ajili ya viwanda, na Bauhaus ya Ujerumani, iliyodumu kuanzia 1919 hadi 1933, ilimpeleka mwanafunzi karakanani kushika mbao, chuma na nyuzi ili umbo litokane na ujuzi wa malighafi. Kwa upande mwingine kulikuwa na vyuo vya teknolojia, kama kile cha Delft nchini Uholanzi, ambako ubunifu wa bidhaa uliingia chuoni katika miaka ya 1960 ukiwa jirani wa uhandisi. Shule ya ubunifu ya Ulm, pia ya Ujerumani, iliyofanya kazi kati ya 1953 na 1968, ilijaribu kuziunganisha njia hizo kwa kuingiza sayansi na taratibu za utafiti katika kazi ya kutafuta umbo. Ukitazama mtaala wa chuo chochote leo utaona umeegemea upande gani, hata kama tovuti haikutaja.

Chukua Delft kwa mfano. Kitivo chake cha ubunifu kina shahada tatu za uzamili, kila moja ya miaka 2, na anayesema tu kwamba anakwenda kusoma ubunifu Delft bado hajasema anasoma nini. Ya kwanza inahusu bidhaa nzima, kuanzia wazo hadi uzalishaji wake. Ya pili inahusu uhusiano kati ya mtu na kifaa: jinsi mtu anavyokielewa, anavyokishika na anavyojisikia anapokitumia. Ya tatu inahusu mkakati, yaani kampuni iamue kutengeneza nini na kwa sababu gani. Wahitimu wa shahada hizo tatu huajiriwa kwa kazi tofauti, ingawa wamepita lango moja. Politecnico di Milano nayo ina shahada tofauti kwa ubunifu wa bidhaa, kwa ubunifu ulioungana na uhandisi, na kwa mifumo inayochanganya bidhaa na huduma. Mfano wa mbali zaidi uko Chicago, katika taasisi ya ubunifu ambayo László Moholy-Nagy, aliyewahi kufundisha Bauhaus, aliianzisha mwaka 1937 ili kuendeleza kazi ya Bauhaus. Taasisi hiyo leo ni sehemu ya Illinois Institute of Technology, na uzamili wake umejikita katika mbinu za ubunifu, mifumo na mikakati; anayetamani kutumia siku zake akichonga maumbo asidanganywe na asili yake.

Sasa tuje kwako. Miaka 3 ya kusimamia kalibu imekupa ujuzi ambao wanafunzi wengi wa ubunifu huupata kwa shida. Unajua kwa nini kuta za kifaa cha plastiki zinapaswa kuwa na unene unaokaribiana, kwa nini ukuta wa wima huhitaji mwinamo mdogo ili kifaa kitoke kwenye kalibu bila kukwaruzika, na mshono upitishwe wapi usionekane. Usichonacho, nikisoma barua yako vizuri, ni mambo matatu: mkono uliozoea kuchora kwa haraka, jicho la umbo, na mazoea ya kukaa na watumiaji kwa muda mrefu kabla ya kupendekeza lolote. Ukichagua shahada iliyojaa masomo ya malighafi, uzalishaji na hesabu za nguvu, utapata alama nzuri sana na utarudi kuwa mhandisi yule yule mwenye cheti cha pili. Hatari hiyo ninaitilia mkazo kwa sababu wahandisi huvutwa na vyuo vinavyowapokea kwa urahisi, na vyuo vinavyowapokea kwa urahisi mara nyingi ni vile vinavyofundisha wanayoyajua tayari.

Kwa mtazamo huo, orodha yako inapangika upya. Umeå, nchini Sweden, huchukua wanafunzi wachache, huwafundisha studioni, na huthamini mno uwezo wa kuchora na kuunda modeli. Ingekupa hasa unachokikosa, ila ushindani wake ni mkali na jalada lako la kazi, yaani mkusanyo wa miradi unayoambatanisha na maombi, litalinganishwa na majalada ya watu waliochora miaka 3 au 4 mfululizo. Rhode Island School of Design, nchini Marekani, imefungua mlango wa pili kwa watu wa aina yako: wenye msingi wa ubunifu husoma miaka 2, na wanaotoka fani nyingine husoma miaka 2 na nusu, nusu mwaka hiyo ya ziada ikiwa ya kujenga msingi. Georgia Tech, pia ya Marekani, ambayo hukuitaja, hutenganisha makundi hayo mawili kwa namna inayokaribiana, na wasio na shahada ya ubunifu hukaa miaka 3. Muda huo wa ziada una gharama, lakini kwa anayebadili fani ndio muda wenye thamani kubwa kuliko wote.

Kuhusu Royal College of Art, nakushauri uitazame kwanza shahada inayotolewa kwa pamoja na Imperial College London. Ilianza mwaka 1980, inachukua miaka 2, na mhitimu hupata shahada mbili, moja kutoka kila chuo. Iliundwa kwa kusudi la kuwakutanisha wahandisi na wabunifu katika kundi moja, na mhandisi aliyetoka kiwandani huingia humo akiwa na kitu cha kuwapa wenzake tangu wiki ya kwanza. Kama ningelazimika kukuchagulia mahali pamoja pa kuelekeza nguvu zako, ningeitaja hiyo, na ya pili ingekuwa ile shahada ya Delft inayohusu mtu na kifaa.

Muda wa masomo uuchunguze kwa krediti badala ya kutegemea miaka iliyotajwa. Katika mfumo wa Ulaya, mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, na kila krediti inakadiriwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi. Uzamili wa miaka 2 una krediti 120. Uzamili wa mwaka mmoja wa Uingereza kwa kawaida una krediti 180 za nchi hiyo, ambazo ni sawa na 90 za Ulaya, kwa kuwa wanafunzi huendelea na kazi hadi majira ya joto. Kwa mtu aliyesoma ubunifu tangu shahada ya kwanza, mwaka mmoja unaweza kutosha kuinua kiwango. Kwako wewe hautoshi. Utafika, utajifunza misamiati ya fani, na kabla mkono haujazoea utaambiwa uanze mradi wa mwisho.

Baada ya hapo, fanya kazi ambayo waombaji wengi huiruka. Tafuta maonyesho ya kazi za wahitimu wa shahada unayoitaka, hasa yale ya miaka miwili au mitatu ya karibuni, kisha uchague kazi kumi bila kupendelea zile zilizopata tuzo. Angalia kama mwanafunzi alitengeneza kitu halisi au aliishia kwenye picha ya kompyuta, kama alikijaribu na watu wanaohusika, na kama anaeleza mawazo aliyoyatupa na sababu za kuyatupa. Kazi kumi zikifanana mno, maana yake chuo kinafundisha mtindo wake zaidi kuliko kumkuza mwanafunzi. Zikiwa nzuri mbili na dhaifu nane, maana yake wale wawili walifika wakiwa wazuri. Kisha uwaandikie wahitimu wawili watatu waliomaliza zamani kidogo, uwaulize kwa adabu kazi wanayofanya leo na somo lililowafikisha hapo. Wengi hujibu, na majibu yao ni ya kweli kuliko kijitabu chochote cha chuo.

Chuo chenyewe ukiulize maswali ya wazi: karakana hufunguliwa saa ngapi na hufungwa lini, gharama za vifaa vya modeli zimo ndani ya ada au mwanafunzi hujinunulia, wahadhiri wangapi ni wa kudumu na wangapi ni wageni wa wiki moja, na haki za mradi uliofanywa pamoja na kampuni ni za nani. Swali hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mradi wa kuhitimu wa Delft, kwa mfano, hukadiriwa kuchukua siku 100 za kazi na mara nyingi hufanywa na kampuni halisi. Hiyo ni fursa kubwa, lakini iwapo mkataba unakukataza kuionyesha kazi hiyo kwa miaka kadhaa, utamaliza masomo bila kuweza kumwonyesha mwajiri kazi yako bora kuliko zote. Soma mkataba kabla ya kutia saini, na uombe ruhusa ya kuonyesha angalau sehemu yake.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Nina shahada ya kwanza ya usanifu wa ndani ya majengo, nami ninaomba uzamili wa ubunifu wa bidhaa. Jalada langu la kazi lina kurasa 60 za picha za kompyuta ambazo kila anayeziona huzisifu, lakini nimekataliwa na vyuo viwili bila maelezo. Nimekosea wapi?
— Msanifu Aliyekwama

JIBU: Marahaba. Kwa jinsi ulivyoeleza, tatizo huenda liko katika zile sifa unazopewa. Picha ya kompyuta iliyokamilika humwonyesha msomaji kwamba unaimudu programu. Mwalimu wa udahili anatafuta kitu kingine: anataka kuona jinsi unavyofikiri pale jambo linapokataa. Kurasa 60 za matokeo mazuri hazimpi mahali pa kukuona.

Punguza mpaka miradi mitano au sita, ukizingatia kwanza idadi ya kurasa ambayo kila chuo kimeiweka, maana wapo wanaoacha kusoma pale kikomo kinapofika. Katika kila mradi mwonyeshe tatizo lilikotoka, nani ulizungumza naye, michoro ya mkono ya mwanzo hata kama haipendezi, modeli za karatasi ngumu au sponji, jaribio lililoshindwa, na kilichobadilika baada ya jaribio hilo. Picha iliyokamilika iwe moja au mbili. Maelezo yawe mafupi. Mwalimu mwenye mamia ya majalada mezani husoma vichwa vya habari na kutazama picha kwanza, kisha huamua kama atarudi.

Kuna jambo jingine linalowahusu ninyi mliotoka kwenye majengo. Chumba hubuniwa mara moja kwa mahali pamoja, na fundi anaweza kurekebisha papo hapo. Bidhaa ya kiwandani itatengenezwa maelfu kwa maelfu kwa namna ile ile, na kosa dogo la kipini au kifuniko litamfikia kila mnunuzi. Jalada lako linapaswa kuthibitisha kwamba umelielewa hilo. Nakushauri uchukue kifaa kimoja cha kawaida, kama taa ya mezani au kikamulio cha matunda, ukifungue kipande kwa kipande, uchore jinsi kila sehemu ilivyotengenezwa na inavyoshikana na nyingine, ueleze kwa nini mtengenezaji alifanya hivyo, kisha upendekeze badiliko moja na uliunde kwa mikono yako. Mradi huo mmoja, ukifanywa kwa uaminifu, utaeleza utayari wako kuliko vyumba ishirini vinavyong'aa.

Barua ya kueleza nia nayo iandikwe upya kwa kila chuo. Taja mradi wa mhitimu au kazi ya mhadhiri wa pale iliyokugusa, na useme ungependa kuendelea nayo kutoka wapi. Barua inayoweza kutumwa kwa chuo chochote haimshawishi mtu wa chuo chochote.

SWALI: Ndugu Mshauri, nimeshachagua aina ya shahada, kinachonisumbua ni fedha na muda wa kubaki baada ya masomo. Nianzie wapi?
— Mtarajiwa

JIBU: Anza kwa kulinganisha muda wa shahada na masharti ya ufadhili, kabla ya kujaza fomu yoyote. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hulipia uzamili wa mwaka mmoja, kwa hiyo ile shahada ya miaka 2 ya Royal College of Art na Imperial College niliyoitaja hapo juu haiingii humo. Pia humtaka mfadhiliwa arudi nchini kwake kwa miaka 2. Shahada za Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya wa shahada zinazotolewa kwa pamoja na vyuo vya nchi mbalimbali, hutoa posho ya euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24, lakini ni kwa zile tu zilizoteuliwa katika mpango huo. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wanataaluma, ina ufadhili wake maalumu kwa sanaa na ubunifu, ambao hupimwa kwa jalada la kazi, na waombaji wengi wa fani yetu hawaujui kwa sababu huangalia ule wa masomo ya kawaida.

Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo. Hata hivyo, jimbo la Baden-Württemberg, lenye shule za ubunifu za Pforzheim na Schwäbisch Gmünd, hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. Mwombaji wa viza pia hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu, mara nyingi katika akaunti iliyofungiwa, yaani inayomruhusu kutoa kiasi maalumu tu kila mwezi, na tangu Septemba 2024 kiwango chake kimekuwa euro 11,904 kwa mwaka. Kozi nyingi za ubunifu huko hufundishwa kwa Kijerumani. Hakikisha lugha kabla ya kufurahia kukosekana kwa ada. Politecnico di Milano hupanga ada kulingana na kipato cha familia, na nyaraka za kipato huchukua muda kuzitafsiri na kuzithibitisha. Sweden huwatoza ada watu wa nje ya Ulaya tangu mwaka 2011, na maombi ya muhula wa vuli hufungwa katikati ya Januari, mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Kuhusu kubaki, Ujerumani humpa mhitimu miezi 18 ya kutafuta kazi, na Uholanzi mwaka mmoja. Uingereza hutoa miaka 2, ila kwa watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 itakuwa miezi 18. Marekani hutoa miezi 12 ya mazoezi ya kazi, na nyongeza ya miezi 24 kwa fani zilizo kwenye orodha ya sayansi na teknolojia tu. Shahada mbili za ubunifu zenye majina yanayokaribiana zinaweza kusajiliwa kwa namba tofauti, moja ikawa ndani ya orodha na nyingine nje. Iulize ofisi ya udahili namba ya usajili wa shahada yako kwa maandishi, na jibu lake ulitunze pamoja na barua ya kukubaliwa.